Mdomo wa Mama Pini

Miaka ishirini na sita Mama Pini alishona nguo za watu, na miaka yote hiyo pini zake alizibana midomoni. Mteja akiuliza jambo, alijibiwa kwa kidole: geuka, inua mkono, simama wima. Midomo ikazoea. Hata pini zisipokuwepo, ilibaki imevutwa kama mfuko wa kamba.

Jumamosi mkwewe, mke wa mwanawe wa pekee, alikuja kujaribu gauni. Mama Pini alikuwa amekwisha kunong'onezwa na jirani kwamba wanahama mji, na mjukuu wake wanaondoka naye. Aliamini mwili ukiwa mbele ya fundi haujui kudanganya.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibu, hapa ni kwako.”

Akabana pini nne, akapiga magoti kwenye pindo.

“Mnahama?” aliuliza kwa pembe ya mdomo.

“Nani kasema? Hatuhami.” Kidole gumba cha mguu kilikuwa kikikwaruza sakafu.

Mama Pini akacheka kwa pua. “Mguu wako umeshafunga mizigo.”

“Na mdomo wako je?” Mkwe aligeuka ghafla, pindo likamponyoka fundi. “Miaka mitatu ‘karibu mwanangu’, na mdomo umebinuka kama umelamba shubiri. Nisikilize kipi, ulimi au midomo?”

Mama Pini akatema pini kiganjani. “Ni hizi pini, we mtoto! Mtaa mzima unajua.”

“Siku ya harusi yangu ulibana pini?”

Siku ile Mama Pini hakuwa na hata sindano. Alikaa kiti cha mbele, akamtazama bibi harusi toka unyayo hadi utosi, na midomo ikajibana yenyewe.

Mkwe alivua gauni, akalibwaga juu ya cherehani, akavaa lake.

“Jumatatu tunaondoka. Mwanangu hatakua akitazamwa hivyo.”

“Nimekufukuza mimi? Nimesema toka?”

“Akufukuzaye hakwambii toka, mama.”

Akashika njia. Mama Pini alisimama mlangoni. Alitaka kusema, “Rudi, mwanangu, niletee mtoto.” Alifungua mdomo.

Kilichotoka ni msonyo, mrefu, na mkwe aliusikia hadi getini.