Mlango Niliosema Umevunjwa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana Machakos ni ndogo na wanafunzi wangu wako wengi humu. Mimi ni mzee wa miaka sabini na mbili, mwalimu mstaafu, nyumbani ni upande wa Mitaboni. Wiki hii sikai kitini. Natoka, nazunguka boma, narudi, natoka tena. Mke wangu ameniuliza kama nimepoteza kitu.

Miaka ya tisini ikielekea kwisha nilikuwa mkuu wa chuo cha ufundi cha kijamii. Nieleze kwa vijana: chuo cha aina hiyo kilijengwa na wazazi wenyewe. Akina mama walibeba mchanga kutoka mtoni, wazee wakafyatua matofali. Tulifundisha useremala, ushonaji na taipureta. Kisha marafiki wa kanisa wakatuletea kompyuta sita. Nilizifungia chumbani, wasichana wa ushonaji wakazishonea vitambaa vya kuzifunika, na ufunguo ukakaa mfukoni mwangu. Wageni wakija nafunua, wanapiga makofi, nafunika. Nilisema naogopa vumbi. Ukweli ni kwamba sikujua hata kuziwasha, na niliona aibu kujifunza mbele ya watoto niliowafundisha kushika randa.

Mwalimu wa taipureta, nimwite Mwende, alikuwa amejisomea kompyuta Nairobi wakati wa likizo. Aliniomba ule ufunguo karibu mwaka mzima.

"Mwalimu, ofisi za mjini zinaondoa taipureta. Hawa watoto tunawafundisha kazi gani?"

"Subiri, Madam. Haraka haraka haina baraka."

Akawachorea vibonye vya kompyuta kwenye maboksi ya sabuni, wakawa wanapiga chapa juu ya boksi.

Jumamosi moja nilipita chuoni nikasikia kicheko. Wanafunzi wa useremala walikuwa wamefungua bawaba na kuuegemeza mlango wa chumba cha kompyuta ukutani, skrubu zote zimepangwa kwenye kifuniko cha mkebe. Ndani walikuwa kumi na wawili, vitambaa vimekunjwa vizuri, Mwende katikati yao. Msichana mmoja akainua mguu: "Viatu tumevua, Mwalimu!" Wakaangua kicheko. Nilidhani wananicheka mimi.

Jumatatu nikaiambia kamati kwamba Mwende amevunja mlango. Hakuna aliyekwenda kuutazama. Neno langu lilitosha. Mlango ulikuwa umesharudishwa mahali pake, hauna hata mkwaruzo. Akafutwa kazi, na barua yake ikaandikwa hivyo hivyo. Hakuna chuo kilichomchukua tena. Muhula uliofuata wanafunzi wakaanza kutuhama kufuata kompyuta mjini, ndipo nikafungua chumba na kuajiri mwalimu mwingine. Tangu hapo watu huniita baba wa kompyuta.

Jumamosi hii chuo kinafungua jengo jipya la kompyuta, na jina langu limeshaandikwa kwa rangi ukutani. Juzi nilipeleka hotuba yangu Mumbuni ichapwe, katika duka dogo nililoelekezwa. Aliyekuwa kwenye kompyuta ni Mwende, mvi zimemwingia.

"Mwalimu! Karibu, keti. Mbona umekonda hivyo, mama hakupikii?"

Alichapa bila kutazama vidole. Alipofika mahali nilipoandika, "Niliufungua mwenyewe mlango wa chumba cha kompyuta," mikono yake ikatulia. Akaniuliza polepole, "Mwalimu, hii ya mlango niache vile iko?"

Nikamwambia, "Acha."

Akachapa, akanipa karatasi zangu, akaniambia nimsalimie mama.

Mke wangu, nilipomweleza yote, alisema: "Mzee wangu, usiaibishe chuo mbele ya wageni. Enda Mumbuni umwombe msamaha huko kwake, yaishe." Ana hoja. Lakini mimi sikumsingizia Mwende kimyakimya. Nilimsingizia mbele ya kamati nzima, na baadhi ya wanakamati wale watakuwa wameketi safu ya kwanza.

Hotuba iko mfukoni, pale pale ulipokaa ule ufunguo. Nishaurini, wanangu: Jumamosi nikisimama mbele ya watu, nisome nini?