Wanaoingoja Calandra

Jambo la kwanza ambalo mtu hulitambua kwa Elide ni namna anavyofunga mlango. Haubamizi wala hauvuti. Huusindikiza kwa kiganja mpaka kitasa kiingie mahali pake kimya kimya, kama mama anayemlaza mtoto aliyechelewa kusinzia. Wageni katika baa ya Dorina hudhani ni woga. Wenyeji wa Castelfidardo, mji wa mafundi wa kodiani nchini Italia, wanajua kwamba mwanamke huyu ameishi kwa masikio yake, na kwamba mlango ukibamizwa huumia kama aliyepigwa kofi.

Baba yake alikuwa fundi wa kupatanisha sauti za kodiani, na alimfundisha kazi hiyo angali msichana. Katika kodiani zao, noti moja hutolewa na vilimi viwili vya chuma. Fundi mzuri havilinganishi kabisa. Kimoja hukikwangua kidogo tu, kikae juu ya mwenzake kwa unywele, ili vikilia pamoja sauti itetemeke. Miaka ya sabini, kiwanda cha akina Ubaldi kilipoanza kutengeneza vinanda vya umeme, Elide alikalishwa kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea. Kila kinanda kilipita mikononi mwake. Kwa bisibisi ndogo alizipatanisha sauti za umeme vilevile alivyovipatanisha vilimi vya baba yake: karibu kulingana, lakini si kabisa.

Kinanda hicho kiliitwa Calandra, jina la ndege wa mashambani, na aliyekibuni ni Oliviero, kaka yake Elide. Kililia katika kumbi za dansi za pwani nzima, kikavuka bahari. Kisha vikaja vinanda vya bei nafuu kutoka mbali, kiwanda kikafilisika, na Calandra ikabaki jina kwenye vibao vya chuma vilivyosahauliwa darini.

Mpaka majira haya ya kuchipua. Kampuni moja ya vinanda, ng'ambo ya milima ya Alpi, ilitoa video fupi mtandaoni: giza, mstari wa rangi ya chungwa, na sauti moja iliyotetemeka na kuzimika. Hapakuwa na neno hata moja.

Kwa Dorina maneno hayakukosekana.

“Chungwa lile ni letu,” alisema Settimio, aliyekuwa seremala wa masanduku ya Calandra, akitupa karata mezani. “Nililipaka kwa mikono hii.”

“Rangi ya chungwa ipo dunia nzima, Settimio,” Dorina akamjibu kutoka kwenye mashine ya kahawa. “Hata wauza soksi wanayo.”

“Na ile sauti? Nayo ni ya soksi?”

“Labda simu ya mtu ililia.”

Watu wakageuka kumtazama Oliviero. Mzee alikuwa anatia tone la mistrà, pombe kali ya kwao, katika kahawa yake, na nusu ya tone ilidondoka kwenye kisahani bila yeye kuona.

“Ni Calandra,” alisema. “Jina wanalo, walilinunua kiwanda kilipopigwa mnada. Ila jinsi ilivyofanya kazi hawajui. Hiyo iko hapa.” Akajigonga paji la uso. “Watanipigia tu. Hawana pengine pa kwenda.”

“Wakikupigia, Injinia, niombee na mimi kazi ya kupaka rangi.”

“Utapaka nini wewe, na mkono wenyewe unatetemeka?”

“Unatetemeka kama Calandra!”

Baa nzima ikaangua kicheko. Elide naye akacheka, maana asingecheka wangemuuliza kulikoni. Kisha akachukua mkoba wake. Ilikuwa Jumanne.

“Haya, mtakatifu wetu anaondoka,” Dorina akasema. “Bi Elide, uniwashie na mimi mshumaa.”

“Huyu dada yangu sijui anatubu nini,” Oliviero akadakia. “Maisha yake yote hakujua njia ya kanisani, sasa kila Jumanne Loreto. Wewe Elide! Ulimuua nani?”

“Bado. Ila unanipa wazo, kaka.”

Loreto hakuna anayemshangaa mjane mzee akishuka kwenye basi na mkoba mkononi. Wako wengi wa namna hiyo wakielekea kwenye Nyumba Takatifu. Ndiyo maana wale watu wa kampuni ya vinanda walichagua kukodi chumba huko, katika nyumba ya wageni inayoendeshwa na watawa. Nyuma ya pazia zito, juu ya meza ndefu, ilikaa Calandra mpya, utumbo wake wa nyaya ukiwa nje.

Mhandisi aliyeiangalia aliitwa Henning, kijana mrefu aliyezungumza Kiitaliano polepole, kwa uangalifu wa mtu anayebeba glasi zilizojaa. Walikuwa wamekusanya Calandra nyingi za zamani na kuzipima. Hawakukuta mbili zinazofanana. Kuiga moja wangeweza. Walichotaka ni mkono uliozifanya zote. Wakauliza huku na huku, wakamfikia Elide.

Siku ya kwanza, kabla hajagusa kitu, alitia sahihi ahadi ya kutomwambia yeyote mpaka siku ya tangazo. Habari ikivuja kupitia kwake au kwa ndugu yake, mradi unasitishwa na jina linarudi darini. Alikuwa ameuliza, “Na kaka yangu?”

Henning alitazama viatu vyake. Katika ufundi huu hakuna asiyeijua hadithi ya Oliviero: jinsi alivyomsimulia mwandishi wa gazeti, glasi mkononi, kuhusu kinanda ambacho akina Ubaldi walikuwa wakikificha, na jinsi washindani walivyowatangulia sokoni. “Bwana Oliviero hatumwiti,” kijana alisema. “Tafadhali, Bi Elide, usiniulize tena.”

Alitia sahihi akidhani ni jambo la wiki chache. Na kusema kweli aliitaka kazi ile mno. Tangu kiwanda kifungwe alikuwa amepiga pasi nguo za watu, amelea wajukuu wa jirani, amemzika mume, na mikono yake haikuwahi kuulizwa kile inachokijua. Wakati ule hakuwa na habari za macho ya kaka yake.

Mwezi wa nne daktari wa Ancona aligundua kwamba Oliviero ana presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha karibu lote. La kulia lilihitaji upasuaji haraka, na daktari hakuficha: kilichokufa ndani ya jicho hakirudi. Oliviero alipangiwa siku, akaiahirisha. Akapangiwa nyingine, akaiahirisha pia. Sasa alikuwa na Alhamisi hii, na daktari alisema hatampangia tena kwa sababu hapatakuwa na cha kupasua.

Jumapili Elide alimpikia tambi za mayai na mchuzi wa bata, chakula anachokipenda, akangoja mpaka amalize sahani.

“Alhamisi unaenda, kaka. Settimio atatupeleka na gari lake.”

“Sijasema siendi. Nimesema si Alhamisi hii.”

“Daktari amesema...”

“Daktari amesema nikishapasuliwa nisiiname, nisibebe, nisikaze macho, wiki kwa wiki. Sasa wakipiga simu wakati huo? Niwaambie nini? Njooni mnitazame nimefungwa bandeji kama maiti? Watasema mzee ameisha huyu, tutafute mwingine.”

“Na kama hawapigi?”

Oliviero alimgeuzia uso mzima, kwa kuwa upande wa kushoto hakumwona tena. “Kwa nini wasipige?”

Jibu lilikuwa mdomoni mwa Elide. Hawatakupigia. Wameniita mimi. Angelitamka, huenda kaka yake angekwenda hospitali, au angejifungia ndani kwa hasira asiende popote, hilo hakulijua. Alichokijua ni kwamba kabla ya jua kuzama baa yote ingekuwa na habari, na kesho yake dunia nzima. Calandra ingekufa mara ya pili, na safari hii Oliviero ndiye angekuwa ameiua. Akinyamaza, kaka yake angeendelea kukaa pale kando ya simu, jicho likizimika taratibu kama taa iliyoishiwa mafuta. Aligeuza jambo hilo huku na huku, na kila upande alikuta ukuta. Akainuka kuosha vyombo.

Simu ikalia. Mzee aliruka kitini, akajigonga goti kwenye mguu wa meza, akaikamata.

“Haloo! Hapa ni nyumbani kwa Oliviero, mbunifu wa Calandra!”

Alikuwa msichana anayeuza mikataba ya umeme. Oliviero hakumkatia. Alimuuliza anapiga kutoka mji gani, akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru.

“Huenda wananipima,” alimwambia dada yake aliporudi kukaa. “Makampuni makubwa huanza hivyohivyo, kwa mbali.”

Elide alifungua bomba la maji kwa nguvu ili asilazimike kujibu.

Jumanne iliyofuata alimkuta Henning akitabasamu. Kinanda kilikuwa kimeshavalishwa sanduku lake, na juu ya kibao, kwa herufi zilezile za zamani, liliandikwa jina.

“Leo ndiyo mara ya mwisho, Bi Elide. Ukimaliza hii, tunaipeleka kiwandani na kutangaza.”

Elide aliivuta ile bisibisi ndogo karibu naye, akaitazama, akairudisha mezani. Hakuketi.

“Mpigieni kaka yangu.”

“Bi Elide, hilo tulishalizungumza.”

“Mimi simwambii, nilitia sahihi. Mpigieni ninyi. Mwambieni mnamhitaji, ila kwanza akatibiwe macho. Asipopasuliwa Alhamisi anakuwa kipofu, na hataki kwenda kwa sababu anawangoja ninyi.”

Kijana akatikisa kichwa. “Pole sana. Lakini hatumhitaji. Nitamdanganyaje mtu mgonjwa?”

“Basi mhitajini. Mpeni kiti akisikilize kinanda chake mwenyewe kabla hakijauzwa. Hilo ni kubwa?”

“Na akisema kule baa?”

“Atasema,” Elide alikiri. “Atasema kabla hajaiweka simu chini. Kwa hiyo mtangulieni, tangazeni jioni hiyohiyo. Mnaficha nini, mwanangu? Jina hili mpaka watoto wa shule wanalitaja.”

“Uamuzi si wangu.”

“Najua. Wapigie wenye uamuzi.”

Henning aliitazama bisibisi. “Na wakikataa?”

“Tafuteni mtu mwingine mwenye masikio.”

Alilisema kwa sauti tulivu. Kinanda kilikuwa pale mbele yake, kimewashwa, na noti moja tu iliyobaki nje kidogo ya mahali pake ilikuwa inamwita. Angeiweka sawa kwa robo ya mzunguko wa mkono. Henning alitoka kwenda ukumbini na simu yake. Kupitia ukuta Elide aliwasikia wakijibizana kwa lugha asiyoijua. Hakuelewa neno; alisikia tu sauti ya kijana ikipanda, ikikaa juu kwa muda, kisha ikishuka.

“Watakutana kesho,” Henning alisema aliporudi. “Wakikubali, watampigia kesho hiyohiyo kabla ofisi hazijafungwa, na jioni tutatangaza. Wakikataa...”

“Hawatapiga.”

“Hawatapiga. Na hata mimi sitaweza kukupigia kukuarifu.”

Kila Jumanne Elide alinunua mshumaa ili arudi nao nyumbani, watu wauone. Siku hiyo aliuwasha.

Jumatano mchana alikwenda kwa kaka yake na begi dogo la kitambaa. Alilifungua juu ya kitanda, akaanza kukunja pijama. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na Oliviero alikuwa amekaa mahali pake, simu mbele yake, ameifuta mpaka inang'aa.

“Unafungasha nini huko? Nimekwambia siendi.”

“Nakunja tu.”

“Pijama hukunjwa ndani ya begi siku hizi?”

“Ndiyo mtindo mpya.”

Settimio alichungulia dirishani, kofia mkononi. “Injinia, kesho nije saa ngapi?”

“Usije! Na ondoka hapo, unaziba laini!”

“Niko dirishani, mzee, sijakupigia!”

“Kwa domo hilo unaweza kuziba laini ukiwa hata barabarani!”

Settimio alimtazama Elide kwa kumuuliza. Elide akamwonyesha kwa kidole, chini ya usawa wa dirisha, kwamba aje alfajiri. Settimio akavaa kofia yake na kwenda zake.

Begi lilikuwa limejaa: pijama, taulo, wembe, kadi ya hospitali. Elide hakulifunga zipu. Alikuja jikoni, akavuta kiti, akaketi upande wa pili wa meza. Oliviero alimgeuzia uso.

“Na wewe unangoja nini hapa?”

“Kahawa ichemke.”

“Jiko hujawasha.”

“Nitawasha.”

Lakini hakuinuka. Mzee alinyoosha mkono, akapapasa waya wa simu kuhakikisha umeshika vizuri ukutani, akarudisha mkono pajani. Walikaa hivyo, ndugu wawili, macho mawili na nusu yakikitazama kitu kimoja. Kengele ya kanisa ikagonga. Elide alihesabu moyoni tofauti ya desturi za watu wa kule: hula mapema, hufunga mapema, lakini si mapema hivi. Bado walikuwa ofisini. Bado kulikuwa na mtu huko mezani kwake ambaye angeweza kuinyanyua simu.