Chekeche la Mpelelezi

Mpelelezi wa bima aliwaamkia wote pale Tarime, wakubwa kwa wadogo, lakini neno pole halikumtoka, na jambo hilo lilimkera Robi, ambaye nyumba yake iliteketea akiwa sokoni. Siku tatu alimtazama akichuchumaa na chekeche la unga, akichekecha majivu chumba kwa chumba. Kila alichookota, bawaba, kijiko, springi ya kitanda, alikipuliza taratibu kama mtu anayepoza chai, kisha akakipanga pembeni.

Siku ya tatu mpelelezi alisimama, akauliza kwa sauti ile ile ya salamu: "Na kengele ya ng'ombe wa marehemu mzee? Katika nyumba zetu sisi Wakurya haikosekani, na chuma hakiungui."

Robi alitaka kusema ilining'inia juu ya kitanda tangu baba mkwe afariki, hadi asubuhi ile ya moto. Mumewe, Mniko, aliyeapa kwamba moto ulizuka yeye akiwa malishoni, akamtangulia kwa ukali.

"Ile ni ya baba! Ningeiachaje humo?"

Robi akaketi palepale majivuni. Mpelelezi alifunika kalamu yake bila kumtazama Mniko.

"Pole sana, mama," akasema.