Antena Yangu ya Laare

Nilirudi Laare kutoka Uarabuni na diploma ya mitandao niliyojilipia kwa jasho langu. Zahanati iliponiita kuweka waifai, nilifunga antena kubwa, nikapandisha nguvu ya ruta hadi mwisho. Wachumaji wa miraa waliinasa wakiwa juu ya miti, wakanisifu kwa sauti. Nilipenda kusifiwa, sifichi.

Asubuhi moja mtoto alizaliwa pale akashindwa kupumua. Muuguzi alimsukumia hewa kwa kifuko cha mpira, akiongozwa na daktari wa Meru mjini kwa simu ya video. Gari la wagonjwa lilikuwa mbali, basi ikaitwa pikapu ya miraa itupeleke hospitali ya Maua. Katika barabara ile hakuna anayekimbiza gari kama madereva wa miraa. Mimi nikapewa simu niishike.

"Itakatika tukitoka getini," muuguzi alisema.

"Haiwezi, sista. Itaacha waifai yenyewe na kuingia mtandao wa simu. Hata hutajua."

Tukapanda pikapu, tukatoka. Daktari alikuwa akihesabu, "Bonyeza, achia, bonyeza..." Mara uso wake ukaganda, mdomo wazi.

"Fundi, kifua hakiinuki! Daktari anasema nini?"

Nyanya wa mtoto, aliyemkumbatia mama mzazi kando yangu, alinikazia macho. "Si ulituambia umesomea hii kitu?"

Nikatazama kioo cha simu. Alama ya waifai bado ilikuwa imejaa, na zahanati ilikuwa imebaki nyuma ya mashamba. Hapo nikaelewa. Ruta yangu ilipaza sauti hadi huku, lakini haikuweza kusikia sauti ndogo ya simu ikiijibu. Na simu, kwa kuwa iliisikia, iling'ang'ania. Haikuuona mnara wa simu uliokuwa mbele yetu.

Nikazima waifai kwa kidole gumba. Kioo kikasema kinaunganisha. Kikaendelea kusema hivyo. Midomo ya mtoto ilikuwa rangi ya zambarau.

"...kichwa kimeinama mno! Kinyanyue kidogo!" Sauti ya daktari ilikuwa imerudi.

Muuguzi akakinyanyua. Kifua kikapanda. Kabla ya Maua, mtoto alilia.

"Huyo sauti yake haikatiki," nyanya akasema, bila kunitazama.

Kesho yake nilipanda paa nikapunguza nguvu ya ruta mpaka mtandao ukaishia ukutani mwa zahanati. Juu ya miti wachumaji wakapiga kelele: "Fundi! Mtandao wako umekufa!"

Niliwaacha wapige kelele. Nikachukua simu ya muuguzi, nikawasha waifai tena, nikampigia daktari, nikatembea hadi nje ya geti na kurudi, mara kumi. Haikukatika hata mara moja.