Siku Niliyompa Wifi Firigisi ya Mgeni

Ngoja niseme mwenyewe kabla dada yangu Minza hajawahadithia, maana yeye akianza anaongeza chumvi mpaka na mimi mhusika sijitambui. Ni kweli, mimi Kabula, mwanafunzi wa kidato cha tatu wakati ule, kinara wa darasa kwenye somo la Chakula na Lishe, nilikaribia kuivunja posa ya dada yangu kwa firigisi moja ya kuku. Aibu yake bado ninayo, nikiikumbuka nikiwa peke yangu najifunika kanga usoni na kucheka humohumo ndani.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa pale nyumbani Ibadakuli. Minza alikuwa na mchumba wake, Masanja, fundi wa matairi ya malori kule Isaka, kijana mpole asiye na neno na mtu, na ndugu zake walishawahi kuja mara moja kuzungumza na baba, wakapishana kuhusu ng'ombe, wakaondoka wamenuna. Sasa walikuwa wanarudi mara ya pili, tena safari hii anakuja baba mkubwa wake Masanja mwenyewe, Mzee Lushinge, ambaye akisema ndiyo ni ndiyo na akisema hapana basi ukoo mzima umesema hapana. Minza hakulala vizuri wiki nzima. Asubuhi ya siku hiyo alinishika mkono akaniambia, "Kabula, hii ikiharibika na leo, Masanja wataenda kumtafutia mwingine, na mimi sitapona." Nikamwambia aondoe shaka, mdogo wake nipo (mdogo wake nilikuwepo kweli, na afadhali ningekuwa nimesafiri).

Mama alikuwa amepanga kupika kama anavyopika siku zote, lakini ndiyo kwanza tulikuwa tumemaliza kufundishwa mlo kamili, na mwalimu wetu wa lishe alikuwa amesema kwa uchungu kabisa kwamba sisi wanafunzi ndio tutakaobadilisha ulaji mezani kwetu, na mimi maneno ya mwalimu yakiniingia yananiingia mpaka kwenye mifupa, basi nikamwambia mama, "Mayu, wewe pumzika, leo napika mimi." Mama aliniangalia, akaangalia gunia la mkaa, akaangalia jinsi miguu yake ilivyovimba, akasema haya. Huo ndio uamuzi wenyewe jamani, mdogo kabisa, wa kumpumzisha mama, nani angejua.

Nikaanza na ugali. Kwetu ugali wa wageni unakuwa mlima kwenye sinia, mnakaa mnauzunguka, kila mtu anakata upande wake, lakini mimi nikasema hapana, wanga ni robo ya sahani, nikaufinyanga vitonge vya kulingana na ngumi ya mtu, kila mgeni na sahani yake, mboga za majani nusu nzima, na kuku pembeni kama mtu aliyechelewa mkutanoni. Mafuta nikapunguza. Chumvi nikapunguza. Nikaitazama kazi yangu nikajisikia kama nimeshateuliwa wizarani.

Halafu ikaja zamu ya firigisi. Wifi yangu Wande, mke wa kaka yetu, alikuwa mjamzito, amekaa pale jikoni kwenye kigoda anachambua mchicha, midomo imepauka na kila akiinuka anashika ukuta. Na mimi mwalimu alikuwa ametufundisha wiki ileile kwamba mama mjamzito anahitaji madini ya chuma, na kwamba maini na firigisi ni hazina, na kwamba katika familia nyingi hazina hiyo inaenda kwa mtu asiye na mimba yoyote. Nikamtazama Wande, nikaitazama firigisi imelala kwenye sufuria imenona, nikasema kimoyomoyo, elimu isiyotumika ni ya nini. Nikamwekea kwenye kibakuli pamoja na maini. Wande akashtuka, akasema, "Wifi, hii si ya mgeni?" Nikamwambia, "Kula, wifi, hii ni sayansi." Na yeye maskini, kwa njaa ya mimba, hakuuliza tena, aliimeza kabla sijageuka.

Hapa mtu asiye wa kwetu anaweza kuuliza, kwani firigisi ina nini. Firigisi kwetu ni ya mwanamume mkubwa wa nyumba, na akija mgeni wa heshima anaachiwa yeye, inakaa juu kabisa ya bakuli aione. Asipoiona anajua moja kati ya mambo mawili, ama kuku alikuwa mgonjwa, ama yeye mwenyewe amedharauliwa. Mimi nilijua hilo tangu natambaa, sijui siku hiyo nililiweka wapi.

Nikaingia sebuleni, nikapiga goti, shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, nikawagawia wanaume sahani zangu; wanawake waliokuja nao walikuwa jikoni na mama. Mzee Lushinge alikuwa amekaa kwenye kochi kubwa, kofia yake pana ya pama kichwani, akakitazama kile kitonge cha ugali kwa muda, kisha akamuuliza baba kwa upole, "Hiki ni cha kuonja, ugali wenyewe unakuja?" Baba akacheka kicheko cha mtu anayeumwa jino. Halafu mzee akaanza kumgeuzageuza kuku na kijiko, akafukua mchicha, akatazama chini ya paja, akatazama sahani ya jirani yake, akaweka kijiko chini. Akasema, "Mkwe, kuku wa huku siku hizi wanazaliwa bila firigisi?"

Mama akatokea mlangoni, akanivuta mpaka jikoni, akaniuliza iko wapi, na mimi nikamwonyesha tumbo la Wande kwa kidole, sikuwa na sehemu nyingine ya kuonyesha. Mama akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo, "Kimbia kwa Mama Dotto mkamchinje jogoo wake, utalipa kwa kufua nguo zake mpaka uolewe." Nikakimbia. Mama Dotto jirani yetu ana roho nzuri, akasema mchukue, lakini jogoo mwenyewe hakuwa kwenye mazungumzo hayo, akanitoka mikononi, akaruka uzio, akapita uani kwetu mimi nyuma yake kanga imefunguka, akaona mlango wa sebule uko wazi akaingia.

Sitaki kusema sana yaliyotokea humo ndani. Alipita juu ya meza, akapita kwenye mchicha, akavuta na kitambaa cha kochi, na mwisho kabisa akatua juu ya pama la Mzee Lushinge, akatulia, akawika. Mimi nikasimama mlangoni nahema, kanga moja mkononi, na wageni wote wananitazama mimi na si jogoo.

Baba akaniuliza, kwa ile sauti yake ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu, "Kabula, ni nini hiki?" Na hapa ndipo ningeweza kudanganya nikapona, nikasema nimeteleza, nikasema paka, lakini mwalimu wetu wa maisha ya familia naye alikuwa ametufundisha (hawa walimu wangu walishirikiana kuniua siku hiyo) kwamba familia bora huzungumza mambo waziwazi bila kufichana. Basi nikazungumza waziwazi. Nikaeleza kuhusu firigisi, nikaeleza kuhusu Wande, nikaeleza madini ya chuma na damu na mtoto tumboni, na nilipoona hakuna anayenikatiza nikadhani ninaeleweka, na kwa kuwa tulikuwa tumepewa zoezi la kuhoji watu kuhusu ulaji wa nyumbani, nikapiga goti mbele ya Mzee Lushinge, jogoo bado yuko kichwani kwake, nikamuuliza kwa heshima zote, "Na nyumbani kwako, Mzee, mama akiwa mjamzito firigisi huwa anakula nani?"

Mzee alimtoa jogoo taratibu. Akavua pama, akalipangusa, akalivaa. Akasimama na kutoka nje, na wanaume waliokuja naye wakamfuata mmoja mmoja, baba nyuma yao anaomba radhi. Nikamsikia Minza analia chumbani nyuma ya pazia, kilio cha kujizuia, na kile kicheko chote kilichokuwa kinanitekenya tumboni kikaisha. Nikajua nimemharibia dada yangu maisha kwa sababu ya kujua.

Nikarudi jikoni. Humo wanawake wa upande wa wageni walikuwa wanakula na mama, na kati yao alikuwemo Mama Shija, mke wa Mzee Lushinge, mama mnene mtaratibu ambaye tangu afike alikuwa amesema wabeja tu, yaani asante, kila akipewa kitu. Alikuwa amesikia yote, dirisha la jiko linatazama palepale walipokwenda kusimama wanaume. Alikuwa anacheka. Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa upande wa kitenge, halafu machozi yakaendelea na kicheko kikawa kimeisha. Akasema, wala hakupunguza sauti, "Mimi mimba zangu zote nimekaanga firigisi nikapeleka mezani kwa magoti. Ya mwisho nilianguka kisimani na ndoo kichwani, nesi akasema damu hakuna. Ladha ya firigisi siijui mpaka leo, huyu mtoto kauliza nami najibu."

Nje wanaume wakageuka kutazama dirisha. Mama yangu alikuwa ameshika mwiko hewani, hajui auweke wapi. Tulikaa hivyo mpaka Mzee Lushinge akatokea mlangoni mwa jiko, mahali ambapo mwanamume mkubwa kama yeye hasogei, akamtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Posa ipo palepale," akasema. "Nina maneno mawili. Siku mke wa Masanja akipata mimba, huyu binti aje Isaka akae naye, ampikie yeye. Na siku mimi nikija kula hapa, huyu binti akae mbali na jiko."

Minza alitoka chumbani macho yamevimba, akanikumbatia, kisha palepale akanifinya mkono kwa nguvu zake zote, na vyote viwili nilivistahili. Mama akasonga ugali mwingine, mlima kabisa, na wageni wakala mpaka jioni.

Tangu hapo nimejiapiza kwamba elimu yangu ya lishe nitaitoa kwa anayeniuliza, na kabla ya kugusa sufuria ya wakwe nauliza kwanza nani anakula nini. Siku ya harusi walinipa kazi moja tu, kunawisha wageni mikono, na hata hiyo mama alisimama karibu. Nilipofika kwa Mzee Lushinge na birika langu, nikapiga goti, naye akanyoosha mikono akanitazama usoni bila kucheka.

"Mwalimu," akasema, "ninawe yote miwili, au kwa afya yangu mmoja unatosha?"

"Yote miwili, Mzee," nikasema. "Shikamoo."


"Marahaba, mwanangu. Mwaga maji."