Ufa Nyuma ya Jicho

Wanafunzi wa udaktari walimwita Mama Mafuvu, naye hakuchukia. Miaka ishirini na miwili alitunza chumba cha mifupa chuoni: kufuta vumbi, kufunga makabati, kuwadai wanafunzi mataya waliyokwenda nayo bwenini. Mhadhara uleule wa profesa, kila mwaka, ulikuwa umemkaa kichwani. Mwanafunzi akikwama, yeye huchukua waya mwembamba na kuupenyeza ndani ya shimo la jicho. Hapa, kwenye kitundu hiki cha mviringo, hupita neva ya kuonea. Na huu ufa pembeni yake ni njia ya neva zinazogeuza jicho na kuinua kope, pamoja na ile inayolifanya paji la uso lihisi.

Siku moja kaka yake, fundi rangi, alikuja kumsalimia, kope la kushoto limelegea. Dada akaukumbuka ule ufa. Lakini nani angemsikiliza mfuta vumbi anayejitia udaktari? Akanyamaza wiki tatu.

Kisha kaka akaanguka kutoka kwenye ngazi. Aliona vipago viwili vya kukanyagia palipo na kimoja, akakanyaga kile kisichokuwepo, mkono ukavunjika. Zahanati wakamfunga plasta, na kuhusu jicho wakamwambia atafute miwani.

Dada mtu akamkalisha. Alimfunika jicho la kulia, akamwinulia kope la kushoto kwa kidole: gazeti alilisoma vizuri. Akamwambia alizungushe jicho, lisisogee. Akampitishia pamba kwenye paji la uso upande ule, asihisi kitu. Basi kitundu cha kuonea kilikuwa salama bado, ila kwenye ufa kulikuwa na kitu kimebana.

Kesho yake alimvizia profesa mlangoni, akamweleza yote. Profesa hakucheka. Picha za kichwa zilionyesha uvimbe palepale. Kaka akapasuliwa; uoni ulibaki, lakini kope halikuinuka na jicho likaganda. Ngazi ndiyo basi tena. Sasa anachanganya rangi dukani.

Jumapili moja, akimtia matone ya dawa, dada alishindwa kuvumilia.

"Kaka, niliona mapema. Nikanyamaza."



"Hata mimi niliona," kaka alisema. "Kioo si ninacho? Nilikuja kwako makusudi, uniambie. Uliponyamaza, nikajua si kitu."

Dada alimfuta shavu taratibu, asiweze kumtazama.