Wimbo Hauingii Filamuni Peke Yake

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ukumbi wa kanisa pale Keumbu ulivyojaa hadi watu wakakaa madirishani. Rafiki yangu Moraa alikuwa ametengeneza filamu fupi kuhusu marehemu baba yake, aliyekwenda mbali kutafuta kazi akafia huko. Majirani walishikilia kwamba aliitoroka familia yake. Moraa alitaka wajue kuwa aliondoka akiipenda familia hiyo. Mimi ndiye niliyemsaidia kuunganisha picha na sauti.

Pale baba anapoaga, tuliweka wimbo wa dansi aliokuwa akiupenda mno. Kumbe wimbo ule ulikuwa umeshahamia vilabuni, na walevi waliuimba kumcheka kila mwanamume aliyemkimbia mke. Gitaa lilipolia tu, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Moraa akajifunika uso kwa leso. Nami nikabaki kushangaa: picha ni ileile tuliyoililia wakati wa kuitengeneza, sasa kicheko kimetoka wapi?

Mama yake, Omong'ina Nyaboke, kama tunavyowaita akina mama wazee kwetu, akainuka polepole.

"Zima hiyo sauti," akaniambia. "Rudisha picha nyuma."

Nikarudisha. Picha ikapita kimya, naye akauimba wimbo uleule taratibu, vile alivyouimba na mumewe wakichuma majani chai. Hakubadilisha neno hata moja. Lakini mzee mmoja aliyecheka kuliko wote akavua kofia.

"Huyu mtu hakutoroka," akasema.

Moraa akamwendea mamaye, akamkumbatia mbele ya watu wote.

Tulipokuwa tukikunja nyaya, omong'ina akanishika bega. "Wimbo mliuchagua vizuri. Ila hamkuuliza watu wameishi nao vipi."

Wahenga walisema, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Hata leo nikitazama filamu, ukianza wimbo ninaoujua, huwa nawageukia walioketi kando yangu, nione unawapeleka wapi.

Basi wewe unayepiga filamu kwa simu, sikiliza. Wimbo unaojulikana huja na harusi za watu, matanga yao na mizaha yao, na hayo yote humwagika juu ya picha yako. Usiuogope, lakini uulizie kwanza. Kuuliza si ujinga. Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe na sikio la kusikia wanachosikia wenzako.